UZI: Chipu iliyomo ndani ya taa, mita na rauta yako ni ya ukoo gani, na nani anakula mrabaha?

Saketi Bubu (mleta uzi) #1

Wakuu, habari za jioni.

Kuna kijana kanitumia ujumbe wiki iliyopita: "Kaka, nipo mwaka wa pili, nataka kuingia kwenye mambo ya mikrokontrola. Nisome ARM au RISC-V? Huku wanasema ARM inakufa." Kwa mgeni: mikrokontrola ni kompyuta ndogo kwenye chipu moja inayoendesha kifaa, na ARM na RISC-V ni koo mbili za seti za amri, yaani lugha ambayo kiini (ubongo) cha chipu kinaielewa. Nikaanza kumjibu mistari miwili, nikajikuta nimejaza kurasa. Bora niimwage hapa tubishane wote.

Jumamosi nilikuwa napangua boksi la bodi mfu, lile ambalo mke wangu mpaka leo haoni kazi yake. Nikachomoa tatu nikaziweka chini ya lenzi. Ya kwanza kontrola ya chaji ya sola, zile za bluu za bei chee: ndani kuna chipu ya biti 8, ukoo wa 8051. Ya pili taa ya Wi-Fi niliyonunua elfu kumi na tano ikafa baada ya miezi minne: ndani ESP32-C3, yaani RISC-V. Ya tatu ile rauta nyeupe ya antena mbili iliyokuwa kila internet cafe mjini: MIPS. Bodi tatu, koo tatu, na ARM haimo hata kwenye moja. ARM ilikuwa kwenye simu niliyopigia picha.

Sasa tuanze na huyo ARM, maana ndiye mwenye mji. Alizaliwa Cambridge kwenye kampuni ya Acorn, na chipu ya kwanza iliwaka tarehe 26 Aprili 1985. Waliochora ni Sophie Wilson na Steve Furber. Kuna kisa chake nakipenda: walipoiwasha na kupima umeme, mita ikasoma sifuri. Kumbe waya wa kuipa chipu umeme ulikuwa haujaunganishwa kabisa. Ilikuwa inajiendesha kwa umeme uliokuwa unavuja kupitia pini za mawimbi! Tabia hiyo ya kula kidogo ndiyo baadaye iliyoipa ARM karibu simu zote za dunia. Mwaka 1990 Acorn, Apple na VLSI Technology wakaifanya kampuni inayojitegemea.

Kitu ambacho wengi hawakielewi: ARM hawana kiwanda cha chipu. Biashara iliyowatajirisha ni kuuza mchoro. Ukitaka kutengeneza mikrokontrola yenye kiini cha Cortex-M (familia ya ARM ya mikrokontrola) unalipa leseni kwanza, halafu kila chipu inayotoka mlangoni unalipa mrabaha. ST, NXP, Texas Instruments, Nordic, wote hao wanapika pilau kwa mchele mmoja. Tofauti ni viungo: huyu kaweka taima nyingi, yule kaweka redio ya Bluetooth, mwingine memori kubwa.

Na mchele huo ulileta nafuu kubwa, tusiwe wachoyo wa fadhila. Kabla ya Cortex-M3 ya 2004, na hasa kabla ST hawajatoa mikrokontrola zao za STM32 mwaka 2007, kila kiwanda kilikuwa na lugha yake. Ukihama mikrokontrola za PIC kwenda AVR unaanza upya: kompaila mpya (programu ya kugeuza msimbo kuwa amri za chipu), kifaa kipya cha kuingizia programu, tabia mpya. Cortex-M ikaleta nyaya mbili za SWD za kuingizia programu na kompaila ya GCC ileile, ukitoka kiwanda kimoja kwenda kingine unabeba begi lako na zana zako.

RISC-V ilianza 2010 pale Berkeley, kwa Krste Asanović, David Patterson na wanafunzi Andrew Waterman na Yunsup Lee. Walitaka seti ya amri ya kufundishia na kufanyia utafiti bila kuomba ruhusa ya mtu. Watu wanasema "RISC-V ni bure" kama vile chipu zinagawiwa sadaka. Hapana. Kilicho bure ni sarufi. Ni kama Kiswahili: hakuna anayelipa BAKITA kila anapotunga shairi, lakini shairi zuri bado lina kazi, na mtunzi anaweza kukuuzia. Kampuni kama SiFive wanauza viini vya RISC-V kwa leseni vilevile.

Msimamo wangu ni huu, mnipige mawe: uzuri wa seti ya amri hauamui chochote sokoni. Wanaoamua ni mwenye leseni na yule atakayebeba gharama ya kuhama. Ushahidi ni ile taa yangu. Espressif, watengenezaji wa chipu yake, walitoa ESP8266 mwaka 2014 na ESP32 mwaka 2016, zote kwa kiini cha Xtensa cha Tensilica, ambayo Cadence waliinunua 2013. Kuanzia C3 wakaanza kuhamia RISC-V. Nani aliandamana? Nani alishtuka? Unafungua Arduino, unachagua bodi, msimbo uleule unapita. Ukoo mzima umebadilika na wateja hawakugeuza hata shingo, kwa sababu gharama ya kuhama aliibeba Espressif mwenyewe.

Karibuni.

Babu Transista #2

Mleta uzi umenikumbusha mbali. Mimi 8051 nimeifundisha vijana ambao sasa ni mabosi. Intel waliitoa 1980: biti 8, memori ya kudumu kilobaiti 4, RAM baiti 128. Mia moja ishirini na nane, si kilobaiti! Mkiona simu ina gigabaiti 8 inakwama muwe mnawaza.

Watu wameizika tangu nikiwa na nywele nyeusi, na bado inazaliwa. Hataza zilishakwisha, mrabaha hakuna, na viwanda vya zamani vilishalipa madeni ya mitambo yake. Hiyo kontrola yako ya sola kazi yake kusoma volti ya betri, kulinganisha, kufungua au kufunga mosfeti (swichi ya umeme). Ukiipa Cortex-M7, kiini chenye nguvu cha ARM, ni kumtuma profesa dukani kununua chumvi.

Halafu kuna umri, kitu ambacho nyie wa simu hamkifikirii. Mnakumbuka zile tarakimu za LUKU za mwaka 2024? Tokeni za mita za aina hiyo zinabeba hesabu ya dakika tangu Januari 1, 1993, na nafasi ya kuiandika ni biti 24 tu. Maana yake dakika 16,777,216 na imeisha. Ukipiga hesabu inaangukia Novemba 24, 2024. Ndiyo maana TANESCO wakawatumia watu tarakimu 20 mara tatu waingize kwa mpangilio, mita ikubali hesabu mpya. Waliochora mfumo ule miaka ya tisini waliona miaka 31 ni milele. Mita ukutani haibadilishwi kama simu. Kwa hiyo usanifu wa chipu ukiingia kwenye mita, lifti au pampu, hautoki mpaka ukuta ubomolewe.

Kiroboto #3

Mimi ndiye kijana wa ujumbe, shikamooni wakubwa. Nashukuru kaka Saketi. Lakini bado sijapata jibu langu. RISC-V inaua ARM au haiui?

MamaLehemu #4

Marahaba mwanangu.

Mimi niko Ujerumani mwaka wa kumi na moja sasa, nafanya kazi kwenye vipuri vya magari. Nikwambie kinachoendelea huku kwa jicho la mfanyakazi.

Chipu ya breki au ya usukani haichaguliwi kwa mapenzi. Kuna ISO 26262, kiwango cha usalama wa magari, na kinagusa kila kitu: kompaila yako, maktaba zako, mpaka namna ulivyopima. Ukibadilisha kiini, makaratasi yote yanaanza upya. Mimi nimewahi kukaa miezi saba kwenye mradi ambao msimbo wenyewe tuliumaliza kwa wiki sita. Iliyobaki ni ushahidi tu. Ndiyo maana magari yamejaa viini ambavyo vijana hamjavisikia. Infineon kwa mfano wana kiini chao wenyewe, TriCore, ndani ya chipu zao za magari za AURIX, na iko kwenye magari chungu nzima.

Sasa, watu wazito namna hiyo wakianza kusogea ujue kuna jambo. Mwaka 2023 Bosch, Infineon, Nordic, NXP na Qualcomm walianzisha kampuni ya pamoja, Quintauris, kazi yake ni kuisukuma RISC-V, wakianza na magari. Machi 2024 Renesas wakatoa mikrokontrola yenye kiini cha RISC-V walichokichora wenyewe. Machi 2025 Infineon wakatangaza kwamba AURIX itapata familia ya RISC-V. Hawa si watoto wa chuo wanaochezea taa.

Lakini soma vizuri: wametangaza. Gari linalochorwa leo linaingia barabarani baada ya miaka kadhaa, na vipuri vyake lazima vipatikane miaka kumi na tano mbele. Kwa hiyo jibu la swali lako, haiui. Inaingia kama mpangaji, kwanza chumba cha uani. Mfano ni diski za Western Digital, ambao walitangaza tangu 2017 kwamba wanahamia huko. Viini vidogo vya usimamizi ndani ya kadi za Nvidia. Mnunuzi havioni, na hakuna programu ya mteja inayokaa juu yake, kwa hiyo gharama ya kuhama ni ndogo. Hapo nakubaliana na mleta uzi mia kwa mia.

Mwashi wa Kilindini #5

Nami niko Mombasa, tulikuwa tukitengeneza vifaa vya kufuatilia pikipiki. Nisikilizeni niwape yaliyonifika 2021.

Chipu zilipoadimika dunia nzima, STM32F103C8T6, ile tuliyokuwa twaipata bei ya soda, ikapanda mpaka watu wakadhani ni dhahabu. Nikapata muuzaji mtandaoni, jina nalihifadhi, ana vipande mia kwa bei ya kibinadamu. Mzigo ukaja, maandishi ya ST juu yake safi kabisa. Naunganisha debaga (kifaa cha kuingizia na kukagua programu), yanikataa: yategemea namba ya utambulisho wa chipu 0x1ba01477, yapata 0x2ba01477. Mwenye kujua ashacheka. Haikuwa ST ile, ilikuwa chipu ya kufananisha.

Nikabadilisha mstari mmoja kwenye mipangilio, programu ikaingia, taa ikawaka, nikashukuru Mungu. Nikafunga vifaa arubaini kwa wateja. Wiki ya pili simu zaanza: pikipiki ikilala siku mbili, betri imekufa. Kumbe ule usingizi mzito wa kuokoa umeme, ile chipu hailali vile. Yajifanya imelala, na jicho moja liko wazi. Nikazifungua zote arubaini kwa mkono, kwa hasara yangu.

Na hapa ndipo nataka kuongeza kwa Saketi. Kiini kilikuwa Cortex-M3 hakika, amri zote zile zile. Kilichonitia hasara ni hivyo viungo vya pilau. Kwa hiyo huu "mchele mmoja" una mpaka wake. Wachina wenye chipu zao halali, kama GigaDevice na GD32, wao waandika jina lao juu na wakupa karatasi zao, wajua wanunua nini.

Saketi Bubu #6

Pole sana kaka Mwashi. Hiyo ya 0x2ba01477 mimi ilinikuta kwenye bodi mbili tu za kuchezea, nikadhani nimeharibu waya.

Hebu nigusie pesa na siasa, maana MamaLehemu kaeleza ufundi vizuri.

ARM imepita mikononi kama gari la mtumba. SoftBank waliinunua 2016 kwa pauni bilioni 24. Septemba 2020 Nvidia wakataka kuichukua kwa dola bilioni 40. Wenye viwanda wengine wakapiga kelele: yaani mpinzani wetu ndiye awe mwenye mchoro wetu? Wasimamizi wa ushindani nao wakaikalia, na Februari 2022 mpango ukafa. Septemba 2023 hisa zikaingia Nasdaq. Ukishaingia soko la hisa, kila robo mwaka wanataka kuona mrabaha unapanda, na mrabaha huo unatoka kwa wateja.

Agosti 2022 ARM wakampeleka Qualcomm mahakamani kuhusu leseni za kampuni ya Nuvia ambayo Qualcomm aliinunua. Desemba 2024 baraza la wazee wa mahakama kule Delaware likampa Qualcomm ushindi kwenye hoja kubwa. Mimi si mwanasheria. Ila nikiona mwenye duka anamshtaki mmoja wa wateja wake wakubwa, mimi mteja mdogo naanza kuuliza duka la pili liko wapi.

China nako ni zaidi ya pesa. Mei 2019 Marekani walipoiweka Huawei kwenye orodha yao ya vikwazo vya biashara, ARM nao waliwaambia wafanyakazi wasimamishe shughuli na Huawei kwa muda. Baadaye walilegeza, lakini ujumbe ulishafika: mchoro unaokodi unaweza kufungiwa kabati. Shirika linalosimamia RISC-V lenyewe likahamia Uswisi mwaka 2020 ili lisikae chini ya kwapa la nchi moja. Tazama sasa Alibaba na viini vyao vya XuanTie, tazama kampuni ya WCH na mikrokontrola yao ya RISC-V, CH32V003, ya kama senti 10 za Marekani: biti 32, megahezi 48. Senti 10! Babu, hapo hata 8051 yako inabidi ianze kutembea na fimbo.

Halafu MIPS, ile ya rauta. Huyu aliwahi kuwa mtu mkubwa, PlayStation ya kwanza ilitumia kiini cha ukoo wake. Desemba 2018 wakaona RISC-V inakuja, wakatangaza wanafungua milango, MIPS Open. Novemba 2019 wakaifunga. Hata mwaka haukufika. Mwaka 2021 wakasema wenyewe kwamba sasa wanachora RISC-V. Mlango ambao mwenye nyumba mmoja anaweza kuufunga kesho, nani ataingiza mali yake humo?

Babu Transista #7

Fimbo unayo wewe. Hizo senti 10 nimezisoma, nakubali. Lakini kuna kampuni ya Taiwan, Padauk, wana chipu za biti 8 za senti 3. Kwenye mswaki wa umeme au toy ya mtoto wanaotengeneza milioni tano, tofauti ya senti 7 ni nyumba ya ghorofa.

Mzalendo255 #8

Yote haya sisi yanatusaidia nini? Serikali ijenge kiwanda cha chipu, madini tunayo, mchanga tunao. Tumekalia kununua tu.

MamaLehemu #9

Mdogo wangu, mchanga ndiyo sehemu ya bei rahisi kuliko zote. Kiwanda cha kisasa ni mabilioni ya dola, na maji na umeme visivyokatika hata sekunde. Kenya wameanza na kitu kidogo pale Nyeri, Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, na nadhani kuanza kidogo ni akili.

Ila uchoraji hauhitaji kiwanda. Mwaka 2020 Google na kiwanda cha chipu cha SkyWater walifungua vipimo vya utengenezaji wa nanomita 130, na kuna Tiny Tapeout ambapo mwanafunzi anaweza kupata kipande chake kwenye silikoni ya pamoja kwa bei ya simu ya kawaida. Kiini cha RISC-V unaweza kukiandika mwenyewe ukakijaribu kwenye FPGA (chipu unayoweza kuipanga upya saketi zake) chumbani kwako, bila barua kwa mtu. Kwa ARM jaribu uone kama wanasheria hawajakutafuta. Kwangu mimi hilo ndilo linalotuhusu Waafrika, kuliko hizo senti.

Kiroboto #10

Wakuu, nimevunja kibubu. Nimeagiza CH32V003 kumi na kile kifaa chao cha kuingizia programu, WCH-LinkE. Kaka Mwashi nimehakikisha jina lililoandikwa juu ni lao wenyewe, usiniue.

Saketi Bubu #11

Hahaha, umejitosa mzima mzima. Sawa, lakini nikutahadharishe kabla hujalia.

RISC-V wamekubaliana juu ya amri. Kwenye intarapti (ishara inayokatiza programu ili tukio lishughulikiwe kwanza) kila mtu alienda na njia yake. ARM Cortex-M zote zina msimamizi wa intarapti mmoja, NVIC, ukiijua moja umezijua zote. WCH wana ya kwao inaitwa PFIC, na wana ujanja wa kuhifadhi rejista (vihifadhi vidogo vya namba ndani ya kiini) kwa haraka intarapti inapopiga. Ujanja huo unahitaji neno maalumu ambalo kompaila yao ya MounRiver inalijua na GCC ya kawaida hailijui. Ukichukua msimbo wao ukaupitisha kwenye GCC ya kawaida, unaingia kwenye intarapti mara ya kwanza vizuri, halafu programu inapotelea hewani. Nilikaa usiku mzima nikilaumu waya.

Pia hiyo chipu ni RV32EC, toleo dogo la RISC-V: rejista 16 badala ya 32, na haina amri ya kuzidisha. Ukiandika a*b kompaila inakuundia kitanzi cha kujumlisha. Inafanya kazi, ila usiifanyie hesabu za kichujio cha sauti ukashangaa.

Ungeniuliza kabla ningekwambia chukua bodi ya Raspberry Pi Pico 2, dola 5. RP2350 iliyomo ndani ina Cortex-M33 mbili na viini viwili vya RISC-V vinavyoitwa Hazard3, unachagua wakati wa kuwasha. Programu moja, unaikompaili mara mbili, unapima mwenyewe kwa oskiloskopu badala ya kubishana nasi.

Mwashi wa Kilindini #12

Naunga mkono Pico 2. Kwa kazi ya mteja lakini, leo hii, mimi bado naweka STM32 au ESP32. Mteja akinipigia saa nane usiku nataka tatizo liwe nishaliona mahali.

Kiroboto #13

Mzigo umefika! Taa inawaka na kuzima. Kisha nikaweka printf (amri ya kuchapisha maandishi) ili niione namba ya ADC, yaani kipimo cha volti, flashi (memori ya programu) ikajaa: inasema nimezidi kilobaiti 16. Programu yangu ina mistari thelathini tu. Nimekosea wapi?

Babu Transista #14

Hujakosea, umemwalika printf na ukoo wake wote kwenye chumba kimoja. Mtoe. Andika kitendakazi chako cha kutoa namba: gawanya kwa kumi, chukua baki, ongeza 48, tuma herufi kwenye UART (laini ya mawasiliano na kompyuta). Mistari kumi. Tulifanya hivyo kwenye baiti 128, wewe una RAM ya kilobaiti mbili, ni mtu tajiri.

Ila kwa kuwa haina amri ya kuzidisha, na ya kugawanya pia haina. Tafuta njia ya kutoa kumi mara kwa mara, kisha weka msimbo hapa tuukague.